Mwali wa Delta na Binti wa Bomani

Mimi ni mzaliwa wa delta ya Rufiji, katika kijiji kilichozungukwa na mikoko na mashamba ya mpunga. Maji yakijaa tulisafiri kwa mtumbwi hata kwenda kwa jirani. Yakipwa, tope lilitufika magotini. Baba alikata boriti za mkoko zilizosafirishwa kwa majahazi, mama alilima mpunga, nasi watoto msimu wa kuamia ndege tulihamia juu ya dungu shambani, tukapiga kelele tangu alfajiri hadi jua kuzama. Baadaye nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya upande wa Kibiti, tangu ilipokuwa bado ni tarafa ya wilaya ya Rufiji. Nilistaafu mwaka 2018.

Sikusudii kusimulia maisha yangu yote. Nataka kueleza jambo moja ambalo limenisumbua tangu mwaka 2010: jinsi nilivyompongeza mtoto wa watu kwa jambo ambalo nilipaswa kumkinga nalo. Nalifanya kwa mapenzi, na kwa kudhani kwamba nalijua. Ili msomaji anielewe, sina budi kuanzia mbali kidogo.

Nilivunja ungo mwaka 1971, nikiwa darasa la sita. Siku ile ile bibi yangu aliniingiza ndani, na kwa muda wa miezi mitano sikuliona jua. Kumweka mwali ndani ni desturi ya watu wa delta, kama ilivyo kwa Wandengereko wa Kibiti na kwa jirani zetu Wazaramo. Zamani, wazee wetu walisema, mwali aliweza kukaa ndani mwaka mzima au zaidi, hadi apatikane mchumba. Mwanamume asimwone, asicheke kwa sauti, asitoke ila usiku akiwa amefunikwa gubigubi. Kungwi na somo walikuja kunifunza. Walinifunza usafi wa mwili, heshima kwa wakubwa, mambo ya unyumba, na namna ya kufumba maneno ili wanaume na watoto wasielewe. Mafunzo mengi yalikuwa katika nyimbo, na nyimbo hizo ni mafumbo matupu. Nyingine nilikuja kuzielewa baada ya kuolewa.

Niliogopa sana. Niliogopa giza, niliogopa yule kungwi, niliogopa zaidi yale ambayo wasichana wakubwa walikuwa wakinitishia kwayo. Kumbe hayakuwako. Katika unyago wetu hapakuwa na wembe wala kisu. Jando la wavulana lilikuwa na ngariba na damu. Unyago wa wasichana ulikuwa na maneno, ngoma na giza. Siku ya kutolewa nilipakwa mafuta, nikavishwa kanga mpya, nikabebwa mabegani kama bibi harusi, na watu wakanituza. Nakiri kwamba siku ile nilijiona mtu kweli.

Hata hivyo sipendi kuisifu desturi yetu kupita kiasi. Wenzangu wawili waliotolewa pamoja nami hawakurudi shule tena. Mmoja aliolewa kabla mpunga wa mwaka uliofuata haujavunwa. Mwaka huo huo wa 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa, nayo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mimi nilirudi darasani kwa sababu baba alikuwa mkaidi na mwalimu mkuu alikuja kwa mtumbwi mara tatu kumsihi. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1973. Halafu likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na taifa likahitaji walimu kwa maelfu. Sisi tuliomaliza darasa la saba tukachukuliwa kujifunza ualimu huku tunafundisha. Hivyo ndivyo mwali wa delta alivyopata kushika chaki.

Sasa nije kwa upande wa pili wa hadithi, yaani kwa watu wa bomani.

Nilipokuwa mtoto, ng'ombe kwetu alikuwa kitu cha ajabu. Rufiji ilikuwa nchi ya mbung'o, na mfugaji hakuitamani. Wamaasai tuliwajua kama wapita njia au walinzi wa Dar es Salaam. Mambo yalibadilika kwa sababu ambazo chanzo chake kiko mbali sana na pwani. Katika miaka ya 1970 na 1980 Wabarbaig wa Hanang walipoteza malisho yao mazuri kwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali kule Basotu. Wengi walitawanyika kutafuta nyasi, na baadhi yao wakafika bonde la Usangu, Mbeya, ambako waliwakuta Wasukuma na Wamaasai wa Kiparakuyo. Kisha kuanzia mwaka 2006 hadi 2007 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu ili kuokoa maji ya mto Ruaha Mkuu. Walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Maji ya Ruaha Mkuu huishia katika mto Rufiji, na Rufiji huishia katika delta yetu. Watu wale waliondolewa penye kijito, wakateremka hadi karibu na mdomo wa mto.

Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa mwaka 2003, na kivuko cha Ndundu kikawa historia. Malori ya mifugo yakapita. Maboma yakaota mahali ambapo jana palikuwa pori. Ugomvi wa mashamba na malisho ulianza mapema, na umemwaga damu ya pande zote mbili. Si kusudi langu kuueleza hapa. Nataka kusema tu kwamba sisi wenyeji tuliwaita wote "wafugaji", kana kwamba ni kabila moja. Hatukujua kwamba Wasukuma hawana desturi ya kuwakata wasichana, na kwamba Wabarbaig na Wamaasai wanayo. Hatukuuliza. Tuliuliza habari za ng'ombe walioingia shambani.

Watoto wao walianza kuja shuleni mmoja mmoja. Mwaka 2010 nilikuwa na binti wa Kimaasai katika darasa la tano. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Alitembea mwendo wa saa moja na nusu kutoka bomani, na hesabu alizifanya kwa kidole hewani kabla hajaandika. Mwishoni mwa Novemba, tulipokuwa karibu kufunga shule, alibaki darasani baada ya wenzake kutoka.

"Mwalimu, likizo hii nitafanywa mkubwa," alisema.

Nikafurahi. Nikamwuliza, "Kumbe na kwenu mnachezwa?"

Alitazama miguu yake. "Ndiyo, mwalimu."

"Unaogopa?"

"Ndiyo. Mama amesema nisikimbie."

Nilicheka. Nilikumbuka chumba cha bibi yangu na giza lake, nikadhani naijua hofu ile. Nikamwambia, "Hata mimi niliogopa, mwanangu. Usiwe na wasiwasi. Kila mwanamke amepita huko." Kesho yake nilimletea doti ya kanga mpya, kama ilivyo desturi yetu kumtuza mwali.

Januari hakurudi. Februari nilikwenda bomani mwenyewe. Nilimkuta amekaa kivulini, amenyolewa kichwa, amevaa nguo nyeusi. Hakuinua macho. Mama yake alinikaribisha kwa adabu, akanipa maziwa, akasema, "Mwalimu, mtoto wako sasa ni mtu mzima. Ile kanga yako ndiyo tuliyomfunika." Kabla ya mvua za masika alikwisha kuolewa ng'ambo ya Mkapa. Sikumwona tena.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja niliyemsimulia habari hii kama kichekesho cha mila za watu. Hakucheka. Aliniuliza, "Mwalimu, unajua wanachokata?" Akanieleza bila kupamba, nami nikalazimika kukaa chini.

Ndugu msomaji, kosa langu lilianzia katika maneno. Kwa miaka mingi Kiswahili kiliita jambo hili "tohara ya wanawake". Tohara ni neno la usafi. Mtu akilisikia anafikiri jando, anafikiri dini, anafikiri ngoma. Ni katika miaka ya 1990, wanaharakati kama wale wa TAMWA walipolipigia kelele jambo hili, ndipo neno "ukeketaji" lilipoenea. Kukeketa ni kukata kwa shida, kama mtu mwenye kisu butu. Neno hilo ni kali, lakini ni la kweli. Mwanamume aliyetahiriwa amepunguziwa ngozi. Msichana aliyekeketwa ameondolewa kinembe, chote au sehemu yake, na mara nyingine midomo ya uke pia. Kwa baadhi ya watu wa Pembe ya Afrika jeraha hushonwa likabaki tundu dogo. Hakuna ugonjwa unaotibiwa kwa njia hiyo. Madhara yake ni kutokwa damu nyingi, pepopunda, mkojo kuzuia, maumivu yasiyokwisha, na taabu wakati wa kujifungua. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 28,000 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo. Waliokeketwa walipasuliwa zaidi, walitoka damu zaidi, na watoto wao walikufa zaidi, hasa pale mkato ulipokuwa mkubwa.

Katika nchi yetu, uchunguzi wa afya wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 10, na mwaka 2022 walikuwa 8. Hiyo ni hesabu ya taifa zima. Lakini uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulipohesabu kwa mikoa, Manyara walikuwa 58, Dodoma 47 na Arusha 41. Mtu akihama huja na mila yake, kama alivyokuja na ng'ombe wake. Kwa hiyo mkoa usio na desturi hiyo kwa wenyeji waweza kuwa na watoto walio hatarini, na hatari yao ni kubwa zaidi kwa kuwa hakuna anayewatazamia.

Nilianza kusoma ili nijue watu wengine walifanya nini. Historia hiyo imejaa mafunzo, mengine machungu.

Kenya, mwaka 1929, baadhi ya makanisa ya wamisionari yaliwataka Wakikuyu waumini waikane desturi hiyo kwa kiapo au watoke kanisani. Maelfu walitoka. Walianzisha shule na makanisa yao wenyewe, na kumkata msichana kukawa alama ya kumpinga mkoloni. Mwaka 1956, kule Meru, baraza la wazee la Njuri Ncheke, likisukumwa na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku. Wasichana wakanunua nyembe madukani, wakaenda porini wakakatana wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana, maana yake "nitajikata mwenyewe". Katika miaka mitatu watu zaidi ya elfu mbili walishtakiwa. Nilipoyasoma hayo nilielewa kwamba msichana haoni kisu peke yake. Anaona daraja la kuvukia utu uzima, na akiliona linavunjwa bila kuonyeshwa jingine, ataruka.

Huku kwetu kusini, Askofu Vincent Lucas wa Masasi alifuata njia nyingine katika miaka ya 1910 na 1920. Badala ya kuvunja jando, aliliacha liendelee akaliingizia mafunzo na sala za Kikristo. Kwa unyago wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwani mambo yake yalikuwa mikononi mwa wanawake wazee. Na mwaka 1996, katika Tharaka huko huko Kenya, familia zipatazo thelathini zilikubali mabinti zao wakae ndani kwa wiki moja, wafunzwe mambo yote ya utu uzima, kisha watolewe kwa ngoma na zawadi, bila kukatwa. Waliuita "Ntanira na Mugambo", yaani kutahiri kwa maneno.

Niliposoma habari hiyo niliangua kilio. Kutahiri kwa maneno! Hicho ndicho alichonifanyia bibi yangu mwaka 1971 katika kijiji ambacho hakikuwa hata na zahanati. Jambo walilokuwa wakilitafuta wataalamu, makungwi wa delta walikuwa nalo, na mimi niliyelipitia nililitumia kumsindikiza mtoto kwenye kisu.

Tanzania nayo ina sheria. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, nayo ikaufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, kifungo chake miaka mitano hadi kumi na tano. Sheria ni muhimu. Pasipo hiyo mwalimu hana pa kusimama. Lakini sheria pekee huifukuza desturi mchana ikarudi usiku. Katika Dodoma na Singida watu walidai kwamba kukata ni dawa ya lawalawa, yaani maradhi ya sehemu za siri ambayo kwa hakika huponywa kwa usafi na dawa za kawaida. Serikali ilipokaza kamba, wakaanza kuwakata watoto wachanga, ambao hawawezi kusema wala kukimbia.

Wapo pia wanaoihusisha na Uislamu. Sisi watu wa delta ni Waislamu tangu enzi za mababu, na hatukuwakata mabinti zetu. Hilo lingetosha kuwa jibu. Tena Novemba 2006 wanazuoni waliokutana Al-Azhar, Cairo, walitamka kwamba desturi hii haina msingi katika Qurani na kwamba ni dhuluma kwa mwanamke.

Mwaka 2014 nilipata mtihani wangu wa pili. Msichana wa darasa la sita, kutoka boma jingine, alianza kukosa shule mwezi wa kumi. Alipokuja alikuwa kimya. Akasema ataenda kwa bibi yake wakati wa likizo, na mama yake ameanza kumlisha vizuri. Safari hii sikuuliza kama anachezwa. Nilimwuliza wazi, tukiwa wawili tu: "Mwanangu, watakukata?" Akasema, "Ndiyo." Nikamwuliza, "Wewe unataka?" Alikaa muda mrefu. "Nataka kuwa mkubwa," akasema, "lakini sitaki kukatwa."

Nilimweleza mkuu wa shule, tukaenda kwa afisa ustawi wa jamii na mtendaji wa kijiji. Afisa alitaka kuanza na polisi. Nilimwomba anipe wiki moja, naye akakubali kwa sharti kwamba mtoto alale kwangu. Nilikwenda kwa mama yake. Sikuanza na sheria. Nilimsimulia miezi yangu mitano ya gizani, na ile kanga ya mwaka 2010. Alisikiliza huku anakamua mbuzi. Mwisho akasema, "Mwalimu, wenye kovu ni sisi. Unafikiri sisi hatujui? Mtoto wangu wa kwanza alifia njiani kutoka, nami nusura nimfuate. Lakini nisipomkata huyu, nani atamwoa? Ataitwa mtoto mpaka afe."

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilikuwa nikiwafikiria akina mama hao kuwa ni wakatili. Kumbe mama yule alikuwa amebeba hesabu mbili mabegani, ya damu na ya ndoa, na hakuna aliyewahi kumsaidia kuzijumlisha.

Baba alikuwa mgumu. Mtendaji alimsomea kifungu cha sheria; mzee mmoja wa bomani mwao, ambaye binti yake alisoma Morogoro bila kukatwa na akaolewa, alizungumza naye usiku kucha. Asubuhi alisema, "Amalize kwanza darasa la saba." Haikuwa ahadi ya kuacha, ilikuwa kuahirisha. Nilitaka kukataa. Afisa alinivuta mkono tukaondoka, tukamwachia mtendaji kazi ya kumtembelea kila likizo.

Binti yule alimaliza darasa la saba mwaka 2015, akachaguliwa sekondari, na mwaka 2019 akamaliza kidato cha nne. Hakukatwa. Mama yake alinithibitishia mwenyewe, tena kwa kunishika mkono. Likizo ile ya kwanza mimi na kungwi mmoja mzee wa Kibiti tulimweka ndani kwangu kwa siku saba, tukamfunza yote tuliyofunzwa, ila yale ya kumtii mume hata akikuumiza tukayaruka. Siku ya mwisho mama yake alikuja na shanga, nasi tukaleta kanga. Tulicheza wanawake watano tu, mlango umefungwa. Hakukosa masomo hata siku moja, kwani shule zilikuwa zimefungwa.

Walimu vijana huniuliza wafanyeje. Huwaambia: mjue watoto wenu wametoka wapi. Msitumie mafumbo mnapomwuliza mtoto jambo la hatari. Mafumbo ni ya unyagoni. Muangalieni msichana anayezungumzia safari, sherehe au "kuwa mkubwa" likizo ya Desemba inapokaribia. Msibaki na siri peke yenu. Yupo afisa ustawi wa jamii, lipo dawati la jinsia na watoto la polisi, ipo namba 116 ambayo mtoto au jirani hupiga bila malipo. Na mkiisha kumkinga mtoto, msimwache mikono mitupu. Mpeni namna nyingine ya kuvuka.

Kuhusu binti wa kwanza sina la kujitetea. Huenda ana mabinti sasa, nao wanakaribia umri aliokuwa nao siku ile aliposimama mbele ya meza yangu. Hadi leo nikiona kanga mpya dukani, nikaisoma jina lake, huirudisha pale pale. Zawadi za mwali siku hizi nanunua daftari.